Habu ya Landrova Ndani ya Kiondo

Kila mara mkiniuliza ilikuwaje, naanza kusimulia na ninyi mnaanza kucheka kabla sijatoka Kathiani. Kisha mnamalizia wenyewe, kila mmoja na uongo wake. Juzi nimesikia sokoni kwamba nililala ndani ya tairi. Sikulala ndani ya tairi. Nimeamua kuandika, ingawa naandika polepole kama mtu anayetoa mwiba, ili anayetaka kucheka acheke yaliyotokea.

NYUMBANI, KATHIANI

Landrova ni ya Baba Mdogo, Musyoki, ndugu wa marehemu baba yangu. Mnaijua: turubai nyuma, mlango mmoja umefungwa kwa kamba ya katani. Wiki hiyo gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa linalowa upande wa ndani kila asubuhi. Baba Mdogo alimlaumu mbwa. Alimrushia mawe hata mnyama akahamia kwa jirani, na bado asubuhi iliyofuata gurudumu lilikuwa limelowa. Nikagusa, nikanusa. Hakuna mbwa anayekojoa mafuta ya difu.

Kwenye ekseli kuna kitu kinaitwa sili. Ni pete ya mpira iliyovishwa chuma, na kazi yake ni kuzuia mafuta ya difu, yale yanayolainisha gia za ekseli, yasitoke yakaingia kwenye breki. Sili ikichoka mafuta yanapita, breki zinalowa, na ukikanyaga pedali gari linakusikia lakini halikutii.

Wiki nyingine tungengoja. Lakini Jumamosi ile tulikuwa tunapeleka mbuzi wa ntheo kwa akina Ndinda, huko Mwala. Kwa wasio Wakamba, hao ni mbuzi wa kuonyesha kwamba msichana ameshapata mtu, na wakishachinjwa na kuliwa, hakuna mwingine wa kubisha hodi. Mtu mwenyewe nilikuwa mimi. Tulikuwa tumekosa kwenda mara moja kwa sababu ya radieta, na Mzee Kioko, baba yake Ndinda, alituma neno kwamba mtu akikosa mara ya kwanza ni bahati mbaya, akikosa mara ya pili ni jibu. Na bila gari tusingefika, maana wazee wetu wawili wa kusema maneno walikuwa na magoti yaliyokwisha kustaafu.

Basi Jumanne tulipiga jeki, tukatoa gurudumu, tukachomoa shafti, tukafungua nati kubwa, na habu ikatoka. Habu ndiyo kile chuma kizito cha mviringo ambacho gurudumu hufungwa kwake. Sili imekaa nyuma yake. Ilikataa kutoka. Baba Mdogo alijaribu kwa bisibisi, kwa ncha ya jembe, na mwishowe kwa matusi.

"Peleka yote," akaniambia. "Anayetafuta kifuniko hubeba chungu."

Magunia yote yalikuwa na matundu. Mama akatoa kiondo chake cha zamani, kile kikapu cha mkonge chenye mkanda wa ngozi, akaifunga habu kwa kitambaa ili isichafue, akaniambia nisipite Machakos bila kumsalimia Shangazi. Hapo ndipo safari ilipoharibika, ila sikujua.

KATHIANI HADI MACHAKOS

Mnanijua. Nikiingia dukani husimama karibu na mlango mpaka niulizwe, na nisipoulizwa hurudi nyumbani. Machakos nilisimama kwenye duka la kwanza la vipuri hadi wateja wote wakaisha, wakaja wengine, nao wakaisha. Mwenye duka alidhani mimi ni wa duka la jirani nimekuja kupumzika kivulini. Aliponiuliza, nikamwonyesha habu, akaigeuza, akasema sili za Landrova kuukuu namna hii hana, wala hakuna mjini. Niende Athi River, nimuulize mama mmoja anayebomoa Landrova kandokando ya barabara kuu.

Jua lilikuwa limekwenda. Nikaenda kwa Shangazi Mbithe.

Shangazi ni dada mkubwa wa Baba Mdogo, mjane, anakaa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko. Alinipokea kwa mikono miwili, na kwa mikono hiyo hiyo akachukua kiondo akaenda nacho jikoni.

Ninyi mnaelewa, lakini huenda msomaji wa mbali asielewe. Kwetu kiondo cha mgeni hakikai mlangoni. Kinapelekwa jikoni, kilichomo kinatolewa, na mgeni akiondoka anarudishiwa kikiwa kimejazwa kitu kingine, kwa sababu kurudisha kiondo kitupu ni kumtukana aliyekituma. Na mgeni haulizi. Mgeni anayefuata kiondo jikoni ni mgeni aliyekosa malezi.

Mimi nina malezi. Nilikaa kwenye kiti nikasikia chuma kikigonga sakafu ya jikoni. Nikajiambia, ameona ni habu, ataifunika airudishe. Akatoka akiwa anafuta macho kwa ncha ya leso, akaniwekea isyo, yale mahindi na maharagwe yetu, na juu yake maziwa ya mgando, na kila nilipomaliza aliongeza. Aliuliza habari za wote mpaka mbwa. Sikumwambia kuhusu mbwa.

Asubuhi kiondo kilikuwa mlangoni, kimefunikwa majani ya mgomba na kushonwa juu kwa uzi wa katani. Nikakinyanyua. Uzito ulikuwa ule ule. Nikashukuru, nikaondoka.

MACHAKOS HADI ATHI RIVER

Nilipanda juu ya lori la mchanga, dereva ni mtu wa Kathiani anayejua ukoo wetu. Upepo ulikuwa mwingi na mchanga ulinijaa masikioni. Niliketi nimekumbatia kiondo safari nzima, na turnboi, msaidizi wa dereva, akaniuliza kama ni pesa. Nikamwambia ni habu. Alicheka, akasema hata yeye akibeba pesa husema ni habu.

Yule mama wa Landrova alikuwa mkubwa, mwenye ovaroli ya buluu na miwani iliyofungwa kwa waya, na kila mtu alimwita Mama Difu. Uwanja wake ulijaa mizoga ya magari. Alinikuta nimesimama getini, akaniuliza nimesimama hapo tangu lini. Nikasema nimefika sasa hivi, ingawa haikuwa sasa hivi. Nikamweleza: Landrova, ekseli ya nyuma, sili, nimekuja na habu yenyewe. Akasema hivyo ndivyo watu wenye akili hufanya, maana sili zinafanana kama mapacha na tofauti ya unywele inatosha kuvuja. Akawaita mafundi wake waje waone mteja aliyefundishwa. Nikakata uzi. Nikaondoa majani.

Yalikuwa mapapai. Makubwa, manne, na viazi vitamu kujaza mianya.

Mama Difu alichukua papai moja, akaligeuza chini juu, akalitazama sehemu ya kikonyo kwa makini, kama daktari.

"Kijana," akasema, "hii ni ya Landrova ya mwaka gani?"

Mafundi wakaanguka kwa kicheko. Mmoja alisema beringi zake lazima ni hizo mbegu nyeusi. Mwingine akaniuliza kwa upole kama huko kwetu magari hukamuliwa ama huchumwa. Mimi nilikuwa natafuta mahali pa kuingia ardhini. Kusema kweli ya jikoni kwa Shangazi kulikuwa kurefu mno kwa ulimi wangu, basi nikasema neno la kwanza lililokuja: "Ni zawadi."

Vicheko vikakatika. Mama Difu alivua miwani. Akasema miaka yote anauza vipuri, ameletewa kelele, hundi mbovu na watu wa kukopa, lakini hajawahi kuletewa papai. Akauliza kwetu ni wapi. Nikasema Kathiani. Yeye akasema ni wa Masii. Mkamba mwenzangu. Nikajua kitakachofuata, na kikafuata: akachukua kiondo, akaingia nacho ndani ya kibanda chake, na mimi nikabaki nje na malezi yangu.

Kiliporudi kilikuwa na nyama, mbavu za ng'ombe zilizofungwa kwa gazeti. Sili hakunipa. Alisema angenipa hata bure, lakini hawezi kukisia, na kwamba breki za mtu si kitu cha kukisia. Nirudi na habu kesho.

"Na usilete papai tena," akasema. "Niletee chuma, mwanangu."

ATHI RIVER HADI MACHAKOS, BILA KUPENDA

Lori la kurudi lilikuwa la saruji. Nilipogonga kwa Shangazi nilikuwa mweupe kuanzia nywele hadi kope, na alirudi nyuma akimtaja Yesu. Alinitambua kwa kiondo. Akakichukua.

Safari hii nilikuwa nimeapa kukishika. Nilikishika. Alivuta, nikavuta kidogo, akanitazama, nikaachilia. Akaona mbavu za ng'ombe. Hapo alikaa chini kabisa.

Aliniambia, akishika nyama magotini, kwamba tangu aolewe, ndugu yake Musyoki hajawahi kumtumia hata sukari. Na sasa kwa siku mbili amemtumia kigoda cha mtungi na nyama.

Niliuliza kigoda gani. Akanionyesha. Pembeni mwa chumba, habu yetu ilikuwa imesuguliwa kwa majivu hadi inang'aa, na juu yake umekaa mtungi wa maji, umetulia kama umezaliwa hapo. Mtungi wake una kitako cha mviringo na ulikuwa ukiegemea ukuta miaka yote. Majirani walikuwa wamekuja kuona. Mmoja alisema vigoda kama hivyo vinauzwa Nairobi kwa Wahindi.

Ndugu zangu, ningesema nini? Nilikunywa chai. Nilikunywa nyingine. Nilikula mbavu nilizozileta mwenyewe. Kila nilipofungua mdomo aliuwekea chakula. Ilikuwa Jumatano jioni. Mwala kulikuwa na mtu anahesabu siku hadi Jumamosi, na habu ilikuwa chini ya maji ya kunywa.

Kulipokucha nilimwambia. Sikumwambia vizuri, lakini nilimwambia. Nilisema Baba Mdogo ameona kigoda hakijakamilika, kuna pete ya mpira ya kuwekwa nyuma ili kisikwaruze sakafu, na inapatikana Athi River tu, na lazima ipimwe.

Shangazi akanyanyua mtungi mwenyewe, akaufuta kitako, akaulaza juu ya kitanda kama mtoto.

"Kisikae sana huko," akasema.

Aliniwekea habu kwenye kiondo. Halafu, kwa kuwa haiwezekani vinginevyo, akajaza viazi vitamu juu.

ATHI RIVER TENA, KISHA NYUMBANI

Mama Difu alipoona viazi vitamu alifumba macho. Nikavimwaga chini haraka, habu ikatokea, na mafundi wakapiga makofi kama kanisani. Alitoa sili ya zamani kwa ncha ya chuma kilichopinda, mara moja, kwa mkono mmoja. Akatafuta ndani ya mkebe wa sili zilizotungwa kwenye waya kama shanga, akajaribu hii, akakataa, akajaribu ile, mpaka moja ikakaa na kutulia.

Akanionyesha kwa kidole. Upande mmoja ni bapa, una maandishi, unapendeza. Upande wa pili una mdomo wa mpira na kispringi kidogo kimeuzunguka. Upande wenye kispringi utazame mafuta. Ukigeuza, umefanya kazi bure. Akanifanya nirudie mara tatu mbele ya mafundi, nami kwa aibu nilirudia nikitazama viatu vyangu, lakini nilirudia. Viazi vitamu wakavichoma wakala.

Sikupita kwa Shangazi. Nilishuka upande wa pili wa soko, nikapita nyuma ya mabanda ya nyanya nimeinama kama mwizi wa kuku, nikafika Kathiani Alhamisi jioni. Nilimweleza Baba Mdogo habari za kigoda. Akaenda nyuma ya zizi, akarudi na drami kuukuu ya breki, ile bakuli ya chuma ya gurudumuni, akaanza kuisugua kutu kwa mchanga. Aliipaka rangi ya kijani iliyobaki ya mlango. Ndiyo iliyo chini ya mtungi wa Shangazi mpaka leo, na watu wa Nairobi hawana kama ile.

CHINI YA GARI

Ijumaa tulifunga. Tuliloweka sili kwenye mafuta kidogo ili isiingie kavu. Tukaweka habu juu ya kinu cha Mama kilichogeuzwa, na Mama akasimama mlangoni akitazama kinu chake.

Baba Mdogo aliishika sili akaielekeza maandishi yakiwa ndani. Kispringi kikatazama nje. Akasema maandishi ni uso wa kitu, na uso utazame kazi.

Sasa, mimi sijawahi kumwambia Baba Mdogo kwamba amekosea. Hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi. Alipoulaumu mgomba kwa kukatika kwa redio, tulikata mgomba. Lakini nyundo ilikuwa imeinuka, na sili ikigongwa vibaya haitoki nzima, na kesho ni Jumamosi. Nilifungua mdomo.

"Baba Mdogo. Mtu akisimama kwenye mlango wa zizi ili mbuzi wasitoke, anatazama wapi?"

"Anatazama mbuzi," akasema. "Akiwapa mgongo watampita katikati ya miguu."

"Na hii inazuia nini?"

Nyundo ilikaa hewani. Alitazama sili, akatazama zizi, akanitazama mimi. Akaigeuza. Akagonga taratibu kwa kipande cha mbao, kuzunguka, kuzunguka, mpaka ikakaa sawa na ukingo. Kisha akasema kwa sauti, ili Mama asikie, kwamba alikuwa ananipima.

Tukasafisha breki kwa petroli, tukarudisha habu, beringi, nati, shafti. Tukaongeza mafuta kwenye difu. Asubuhi nilikwenda kugusa gurudumu kabla ya mtu yeyote kuamka. Lilikuwa kavu. Mbwa naye alikuwa amerudi, amelala karibu nalo, na safari hii hakuna aliyemrushia kitu.

BARABARA YA MWALA

Wazee wawili walikaa nyuma kwenye benchi, mbuzi wa ntheo katikati ya miguu yao, kreti ya soda pembeni. Mimi mbele na Baba Mdogo, nikiwa na shati jeupe. Kwenye mteremko mkubwa alikanyaga breki na Landrova ikatii. Alikanyaga tena bila sababu, kwa kufurahia tu, na mzee mmoja akamwomba aache.

Karibu na soko la mwisho kabla ya kufika kwa akina Ndinda, tuliona mama amesimama kando ya barabara na mfuko wa mchele na mkebe wa mafuta ya kupikia. Alikuwa Mama Ndinda.

Mnajua nthoni. Mwanamume hakutani uso kwa uso na mama wa mke wake. Akimwona njiani anaingia porini. Kwa mchumba ambaye mbuzi wake hawajaliwa bado, ni vibaya zaidi. Na Baba Mdogo hawezi kumpita mwenye nyumba anakokwenda kula. Breki zikashika vizuri sana. Ningependa siku hiyo zisishike.

Niliruka nyuma kupitia uwazi wa kiti nikaanguka katikati ya mbuzi. Wazee, bila neno, wakanitupia gunia juu, na mmoja akaweka miguu yake juu ya gunia ili lionekane la kawaida. Mama Ndinda akapanda mbele. Wakasalimiana na Baba Mdogo, wakasalimiana na wazee. Akauliza habari za mvua. Kisha mbuzi mmoja akaanza kutafuna kola ya shati langu, na mimi nikakohoa.

Gari lilikwenda.

"Mbuzi wenu ana kifua," akasema Mama Ndinda.

Baba Mdogo akasema ni vumbi.

"Ni vizuri kumsikia. Niliambiwa ni mbuzi asiyetoa sauti." Hakugeuka hata kidogo, alikuwa anatazama barabara. "Mimi sina neno na mbuzi mpole. Lakini binti yangu ana maneno mengi, na nyumba ikiwa na mdomo mmoja tu, mdomo huo unachoka. Mwambieni mbuzi wenu, ninyi mnaojua lugha yake, awe anajibu hata kidogo."

Mzee mwenye miguu juu yangu alijibu kwa heshima kwamba mbuzi amesikia. Nilitikisa kichwa chini ya gunia, kwa kuwa nina malezi.

Tulipofika, Mama Ndinda alishuka akaenda jikoni moja kwa moja bila kutazama nyuma. Mzee Kioko alipokea wazee, akatazama magurudumu, akauliza bwana harusi yuko wapi. Baba Mdogo akasema anakuja. Wote wakaenda kivulini, na nikabaki mimi na mbuzi, nikingoja wanawake wote waingie jikoni ili nitoke. Shati lilikuwa na kola nusu na alama za kwato. Nikafikiria kukaa humo hadi tutakaporudi Kathiani.

Turubai likafunguliwa. Alikuwa Ndinda, ametumwa kushusha mbuzi. Alishusha wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akaona kiatu. Alivuta ncha ya gunia pole pole mpaka macho yetu yakakutana. Tulikuwa tumejuana kanisani mwaka mzima, na katika mwaka huo nilikuwa nimemwambia "ndiyo", "hapana", na siku moja, "mvua."

Hakucheka. Alikunja mikono kama mtu anayekagua mnadani.

"Na huyu wa nne," akasema, "anakula nini?"

Nilihisi jibu likipanda, na kwa mara ya kwanza halikukwama popote.

"Chochote utakachopika."

Alishika mdomo kwa kiganja akakimbia jikoni, na baada ya muda mfupi nikasikia wanawake wote wanacheka, na sauti ya mama yake ikiwa juu ya zote. Nikatoka ndani ya Landrova, nikapangusa manyoya, nikaenda kukaa na wanaume. Jioni nyama ya mbuzi ililetwa kwenye sinia. Mzee Kioko alikata kipande cha kwanza akanipa mkononi mbele ya wazee wote, nami nikala.